Hasira kwa Sauti Nne

Ijumaa, 7 Juni 2013
Miaka miwili na miezi miwili tangu niondoke Bungoma. Likizo ilikuwa iwe Aprili. Mke wangu Nasimiyu kamwambia mtoto baba anakuja. Mtoto kauliza baba ni yupi. Leo Mwingereza anayehama jengo ninalolinda pale Pearl, mtaa wa matajiri huku Uarabuni, kanipa kaseti. Punk, alisema, muziki wa hasira. Albamu ya kwanza ya vijana wa kwao, ya zamani, ilitikisa wakubwa. Nimesikiliza mara mbili. Mwimbaji ni kama ana mafua. Analia kazi hakuna, kisha analia kazi zilizopo ni za kipumbavu. Sijaelewa anataka nini. Lakini kama hiyo ilitikisa wakubwa, Bwana Varghese, mwenye kutoa likizo hapa kambini, ni nani?

Jumapili, 9 Juni
Nimeunda bendi. Herbert, Mganda wa kitanda cha juu, anapiga ndoo. Wimbo nimetunga mwenyewe: Varghese, umekalia likizo yangu, inuka. Shida ni Kiprono, mlinzi mwenzangu. Kaimba kwaya ya kanisa Kericho miaka kumi na mmoja. Alishika sauti ya nne. Herbert akaingia ya tatu bila kuombwa. Ile "inuka" ikatoka kama Pasaka. Nikawakemea waimbe vibaya. Kiprono akasema sawa ndugu yangu, lakini vibaya tuanzie doh ipi.

Jumatano, 12 Juni
Tumerekodi kwa simu. Nyimbo tano: likizo, kiyoyozi kibovu, basi, dengu, na dengu tena. Mpishi alisikiliza akasema Mungu atubariki. Hizo mbili za mwisho zinamtukana yeye.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeipiga albamu dirishani kwa Varghese. Alitoka. Hajui Kiswahili. Alisikia jina lake likipanda kwa sauti nne, akashika kifua, akauliza kiongozi ni nani. Kiprono, ambaye hajawahi kudanganya, akaninyooshea kidole. Varghese akanikumbatia. Akasema likizo yangu alikwisha kuisaini Jumatatu, nisafiri tarehe ishirini. Sasa ameifuta. Septemba kampuni ina sherehe, na kwaya haiendi bila kiongozi.

Jumapili, 16 Juni
Nimempigia Nasimiyu nikamweleza punk. Akauliza, baba Brandon, uliimba matusi kwa kukosa likizo, au ulikosa likizo kwa kuimba matusi? Hata mimi sijui. Akasema niende kwa Varghese nimwombe kwa adabu, nimwambie mtoto hanijui. Wanawake hawaelewi muziki. Kosa nimeliona: nyimbo tano zilikuwa chache. Albamu ya pili itakuwa na kumi, na Kiprono ataimba akitafuna pilipili. Natarajia kufika nyumbani mwezi wa kumi. Kuku asichinjwe kabla ya wa kumi na mbili.