Bunduki ya Zamu na Kunguru wa Mtaa wa Mchikichi

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 12 Agosti 1976

Kwa Ndugu Bakili,
Balozi wa Nyumba Kumi.

Ndugu Balozi, shikamoo.

YAH: KUOMBA BUNDUKI YA UPEPO ITOLEWE KWENYE ZAMU NA NIKABIDHIWE MIMI PEKE YANGU

Naandika barua hii nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti changu nimekiegemeza dirishani kuzuia kunguru. Wewe naomba uisome ukiwa umekaa. Mimi ni Melkiori, mpangaji nyumbani kwa Bi Kijakazi, karani wa ghala, mwanachama hai, na mtu ambaye hajawahi kukusumbua ila katika lile suala la jogoo, ambalo lilikwisha siku jogoo alipoliwa.

Mambo yenyewe ni haya. Mke wangu Severa hupika vitumbua uani kila asubuhi na kuviuza barazani. Tangu masika yaishe, kunguru wametuingilia. Kitumbua kikitoka tu kwenye chuma cha kupikia, hata hakijapoa, kimekwenda. Usiniambie tufunike, tumekwisha kufunika. Kunguru wa Kariakoo anafunua kawa kama mgeni aliyealikwa. Jumatatu Severa alivua ile kanga yake ya kupikia, akaikunja, akaitia sandukuni, akapanga nguo nyingine juu yake, akanitangazia kwamba Jumamosi anapanda basi kurudi kwao Kibosho, ambako kunguru bado wana adabu. Leo ni Alhamisi. Ndugu Balozi, mimi nampenda mke wangu. Nalisema mapema lisije likapotea katikati ya malalamiko.

Wewe mwenyewe ni shahidi kwamba nyumba nzima tuliketi tukakubaliana kununua bunduki ya upepo, ile ya springi, ambayo unavunja mtutu kuikoki, unatia kirisasi chake kidogo, unaufunga, unafyatua. Ukatukubalia kwa sharti kwamba iwe mali yetu sote. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kama ninavyoeleza hapa chini kwa heshima zote.

1. KUHUSU UCHAGUZI WA BUNDUKI

Kwa Mzee Fikirini, muuza vikuukuu wa Ilala, tulikuta bunduki mbili. Moja ilikuwa nyepesi, springi yake laini, na mzee akasema hiyo ndiyo inayomfaa mtu anayeanza, kwa sababu ataikoki bila kutoa ulimi na atajifunza kulenga kabla ya kujifunza kuugua mgongo. Ya pili ilikuwa nzito kama mchi. Bei ilikuwa moja. Tukapiga kura palepale dukani. Zahoro, mpangaji mwenzetu, mchukuzi wa mizigo sokoni, akatoa hoja kwamba kuchukua chuma kidogo kwa bei ileile ni kunyonywa. Hoja ilipita kwa kauli moja, na kauli iliyosikika zaidi ilikuwa yangu. Hata hivyo nalalamika, kwani hoja nzuri namna ile haikupaswa kuwa na matokeo mabaya.

Matokeo ni kwamba mtu pekee anayeweza kuikoki ni Zahoro. Naye Zahoro yuko sokoni tangu alfajiri hadi adhuhuri, yaani saa zilezile za kazi za kunguru. Kwa hiyo aliye kwenye zamu huifunga bunduki kwenye kanga kama mgonjwa, akaipeleka sokoni, Zahoro akaikoki kati ya gunia la vitunguu na gunia la vitunguu, kisha ikarudishwa nyumbani polepole huku watu wakitupa pole njiani. Tukifika, kunguru wameshanawa.

2. KUHUSU ZAMU

Nyumbani kwa Bi Kijakazi kila kitu kina zamu: kufagia uwanja, kuosha choo, kujaza pipa la maji. Bunduki nayo ikapangiwa zamu, katikati ya choo na pipa. Sasa, juu ya mtutu kuna kidude cha kulengea, na kidude kina skrubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, moja ya kupeleka kushoto na kulia. Kila anayeshika zamu huzikaza na kuzilegeza kufuata jicho lake. Bi Kijakazi hufumba jicho la kushoto. Zahoro hufumba yote mawili, eti mlio unamshtua. Akimaliza mtu zamu yake, haachi kidude kilivyokuwa. Mbona anayeosha choo anarudisha ufagio mahali pake? Kwa nini anayelinda vitumbua asirudishe shabaha mahali pake?

Kwa sababu hiyo bunduki yetu, ambayo ilipaswa kuwa na adui mmoja, imevunja mtungi wa Bi Kijakazi, imelitia shati la Zahoro tundu la kifungo ambalo fundi hakulipanga, na mwisho, jambo ambalo ndilo lililofungasha sanduku, imetoboa ndoo ya plastiki iliyojaa uji wa mchele wa vitumbua. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Kunguru walikula kwa miguu, bila haraka. Ni kweli kwamba siku hiyo zamu ilikuwa yangu na kidole kilikuwa changu. Lakini shabaha iliyokuwa kwenye kidude ilikuwa ya Bi Kijakazi, na mimi siwezi kubeba dhambi ya jicho la mtu mwingine.

3. KUHUSU MAFUTA

Mzee Fikirini alisema tone moja, tena kwa nadra. Bi Kijakazi ni mama yetu na namheshimu sana, lakini yeye haamini matone. Aliimiminia bunduki mafuta ya nazi kama mtoto aliyetoka kuoga. Ilipofyatuliwa, mafuta yakalipuka mle ndani, likatoka kombora! Moshi ukajaa uani na harufu ya wali wa nazi ikaenda mpaka barabarani. Jirani yetu mmoja aliingia uvunguni kwa hofu, akatoka na kiatu kilichopotea tangu Idi, kwa hiyo yeye halalamiki. Kunguru hawakukimbia. Walisogea karibu, wakidhani wali uko tayari.

4. KUHUSU MSHIKO

Hapa nawalaumu wote. Springi inaporuka mle ndani, bunduki nzima hutikisika na kupiga teke, kwa hiyo mtu mwenye akili huikamata. Mimi huibana kwa bega, kwa shavu, kwa viganja viwili, na meno nayo nayauma, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Wenzangu je? Wameilegezea! Bi Kijakazi hata haishiki. Huilaza juu ya kiganja kilicho wazi na kuibembeleza kwa maneno ya chini chini, wala hatujui wanazungumza nini. Ndugu Balozi, lini adui alishindwa kwa kiganja kilicho wazi? Nililazimika kuendesha semina uani juu ya kukaza mkono. Severa alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikachukulia kwamba anaanza kupata nafuu.

Yapo maneno ya chini kwa chini kwamba mimi mwenyewe sijapiga kunguru hata mmoja. Sikatai. Lakini nakosa nikiwa na msimamo.

5. KUHUSU KUNGURU WENYEWE

Kunguru hawana kazi. Wanazurura mjini saa za kazi mchana kweupe, hawana kitambulisho wala barua ya mwajiri, na ukiwauliza wanaishi wapi wanakutukana. Binadamu akifanya hivyo anapakiwa kwenye lori akalime. Kunguru anafanya hivyo juu ya bati la ofisi, akilichungulia lori. Huu ni ubaguzi. Napendekeza wahamishiwe vijijini mara moja pamoja na familia zao. Najua utasema hawana mikono ya kushika jembe. Basi wapewe kazi ya kuamsha wakulima, maana kwa hilo vipaji wanavyo.

6. NA KAMA LORI HALINA PETROLI

Basi serikali itutaifishie kunguru. Hili nimelifikiria kwa muda mrefu nikiwa nimesimama. Nimechunguza nikaona kwamba kitu kikishafanywa mali ya umma na kugawiwa kwa utaratibu, mtaani hakionekani tena. Sukari tunaiota. Sabuni tunasimuliana. Kunguru nao wakigawiwa kupitia duka la ushirika, haitapita wiki mbili mtu atapanga foleni tangu alfajiri apate kumwona japo mmoja, na akifika dirishani aambiwe wamekwisha, ajaribu kesho. Sisemi haya kwa ubaya. Nasema kwa imani kubwa niliyonayo katika utaratibu wetu.

Lakini hayo ya tano na ya sita yatachukua muda, na basi la Moshi linaondoka keshokutwa. Kwa hiyo kwa sasa naomba moja tu: uamuru bunduki itolewe kwenye zamu, nikabidhiwe mimi peke yangu, skrubu zifuate jicho langu tu, na mtu mwingine asiiguse. Zahoro ataendelea kuikoki kama utumishi kwa umma. Naomba amri hiyo imtaje pia Severa, kwa sababu Jumanne aliniomba ajaribu mara moja tu, nikamkatalia, kwanza kwa kuwa jina lake halimo kwenye zamu, na pili kwa kuwa mwanamke aliyefungasha sanduku hawezi kuwa na mshiko. Nikimwangusha kunguru mmoja tu mbele ya macho yake kabla ya Jumamosi, sanduku litafunguka. Nisipomwangusha, nitabaki na springi.

Wasalimie wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Msalimie mama watoto, umwambie deni la vitumbua alilokuwa akituahidi kulilipa bado tunalikumbuka kwa wema. Msalimie na yule mbuzi wako anayekula matangazo ya mkutano kabla hatujayasoma. Bi Kijakazi na Zahoro wanakusalimu, ingawa hawajui kama nakuandikia.

Ni mimi ndugu yako katika kujenga taifa lisilonyang'anywa kifungua kinywa,

Melkiori

NYONGEZA (Ijumaa asubuhi)

Ndugu Balozi, barua ilikuwa bado mezani, natafuta bahasha, Severa akaisoma. Akafika namba nne. Hapo akaiweka chini, akatoka uani, akamwahi Zahoro kabla hajaenda sokoni, akamwomba amkokie bunduki mara chache. Bi Kijakazi alikuwa ameshaipangusa yale mafuta yote. Severa akajaribu, akagusa skrubu kidogo, akajaribu tena, kisha akazipaka zote mbili rangi ya kucha zisigeuzwe na mtu. Halafu akailaza juu ya kiganja kilicho wazi, bega limelegea, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Nilifumba macho yote mawili. Kopo la maziwa lililotundikwa chini ya bati, walipojipanga kunguru, lililia ngwaa! Wote wakapaa, na sasa akiinua hata mwiko wanahama mtaa.

Anasema bunduki ya springi ukiibana inarukia pembeni, ukiiachia nafasi inakwenda unakotaka. Akaongeza neno kuhusu waume, ambalo si la kumpelekea Balozi.

Kwa hiyo pale nilipoandika mimi peke yangu, tafadhali soma mtu yeyote isipokuwa mimi. Namba moja hadi nne nazifuta. Ya tano na ya sita yaache kwanza, kunguru wasije wakasikia. Jina la Severa tumeliingiza kwenye zamu, na jina langu tumelihamishia kwenye vitumbua, kama alivyotaka.

Nyongeza hii naiandika kwa mkono mmoja, wa pili unageuza. Vya kwanza vimeungua. Kunguru mmoja alijasiri kurudi, akanyakua kimoja, akakionja, akakirudisha kwenye sinia. Severa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku, akaitoa ile kanga ya kupikia kutoka chini kabisa, akanifunga mimi.