Tunaomba Ukurasa wa 15, Shimo Linangoja

Sarang'ombe, Kibera
11 Julai 1996

Kwa Mkubwa wa Ofisi ya Utafiti wa Joto la Ardhini,

Mheshimiwa Mkubwa,

KUH: UKURASA WA 15

Sasa hivi Amondi wangu, wa mwaka mmoja na nusu, ametupa kiatu chake ndani ya shimo lililo katikati ya chumba chetu. Kimefika chini haraka sana, na hapo nimeona ni heri nikuandikie.

Mimi hupika mandazi. Karatasi za kufungia nazitoa kwa Wakoli wa Kawangware, anayeuza makaratasi ya maofisi kwa kilo. Mwezi jana alinipa utafiti wenu. Kurasa nyingi zilienda na mandazi kabla sijajua ni za maana, unisamehe. Ulibaki wa 14. Mutunga, fundi wa viatu aliyefika Form Two, alinifafanulia: kwamba chini ya nchi hii kuna moto, na kadiri unavyochimba ndivyo joto linavyozidi. Mvuke mtupu, moshi hakuna. Sasa Amondi kifua kilikuwa kinamkwaruza kwa sababu ya stovu ya mafuta, na sista wa kliniki alishanikanya. Baba yake, Nashon, akashika jembe siku hiyo hiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa 14 unaishia "joto la kutosha hupatikana ukifika mita". Mita ngapi? Mtu na akili zake anakatia maneno hapo?

2. Nilikuja kwenu na mtoto mgongoni. Karani akaniambia, "Mama, huo utafiti ni siri." Nikamuuliza siri gani, na Sarang'ombe nzima imefungiwa mandazi nayo. Akataka barua ya profesa. Mimi nilikuwa na ya chifu.

3. Mzee mmoja wa Nyayo Highrise ana ukurasa wa 9. Hununua mandazi kila asubuhi akitafuta wa 10, na ugonjwa wa sukari anao. Akizidiwa, hiyo ni juu yenu.

4. Nashon amefika mita mbili. Kila jioni ananiuliza kama tumekaribia, na mimi nitajuaje? Shimo limekula mahali pote, hata stovu tumeitoa nje na kitanda kimesimama ukutani.

5. Huo moto uliwekwa na Mungu, haukuwekwa na ofisi. Kwa hivyo naomba utafiti wote ufunguliwe, ubandikwe kwa chifu, sokoni na kanisani, kila mtu asome, hata asiyejua profesa yeyote.

Nisalimie wapimaji wako wote na watoto wao. Karani pia, simchukii.

Ni mimi, pamoja na jembe,
Nereah, Mama Amondi

NB: Nimegeuza karatasi nikuelekeze nyumbani, kumbe nimekuandikia nyuma ya ukurasa wa 15. Unasema mita elfu moja na mia tano. Asante Mungu, mbili tumeshamaliza. Lakini Mama Kaveke wa chumba cha pili naye ameanza kuchimba, na huyo ana kaka watatu. Basi tafadhali usifungue kitu, endelea na siri yako vile vile, na hii barua siitumi tena, karani asije akaisoma. Na nyinyi mnajua kazi, kwa sababu tangu tuchimbe Amondi hajakohoa siku nne, hilo ni joto limeanza kupanda. Ngoja kidogo, Nashon ananiita kutoka shimoni, anasema amekanyaga kitu, kidogo hivi, na kina