Panya, Shemeji na Figo Zangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka, na wiki haijaanza. Sista wa kliniki kasema kisukari kimefika kwenye figo, zinavujisha protini. Nimeze vidonge bila kuruka, nitembee, nirudi baada ya majuma mawili. Nikizembea, mbele kuna mashine ya kusafisha damu. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, ana sukari kama mimi na anaishi kwangu kama kwake. Vipimo vyake vizuri. Alitabasamu!

Jumatano, 5 Juni

Nimesoma makala ya wataalamu. Panya wenye kisukari walinyweshwa maji ya majani ya mlonge, figo zao zikanusurika. Nimekokotoa dozi kwa uzani: panya tone, mimi ndoo. Wataalamu huwa pia na kundi lisilopewa kitu, la kulinganishia. Nimemteua Shemeji. Hajui. Vidonge nimeacha, visije vikadai sifa za mlonge.

Jumapili, 9 Juni

Ladha ya soksi iliyolowa. Nashinda msalani. Shemeji kaniuliza kupitia mlango kama nimehamia humo, aniletee godoro. Kisha kavaa raba, kaenda kutembea huku akipiga mluzi. Kundi la kulinganishia halipaswi kuwa na furaha kiasi hicho.

Jumatano, 12 Juni

Ndoo imepungua bila mimi kuigusa! Binti yangu kakiri kwamba anamwaga uani; nyumba inanuka zizi, hata nzi wamehama. Sikubishana naye. Anamkingia kifua mjomba wake, naona.

Jumatatu, 17 Juni

Kliniki. Protini juu, sukari juu, miguu imevimba. Sista kauliza vidonge viko wapi. Nikamweleza habari za panya. Akavua miwani, akasema kwa upole uliouma kuliko kelele: Mzee, panya wale hawakuwa na vidonge vya kuacha. Nyumbani, binti alilia jikoni, bomba likiwa wazi ili nisisikie. Nilisikia. Baadaye kaniambia mama ameshaondoka, na hana mzazi mwingine wa akiba. Shemeji, ambaye vipimo vyake vimezidi kuwa vizuri, kaniomba tuanze kutembea pamoja. Hakutabasamu.

Jumanne, 18 Juni

Nimelifikiria jambo hili hadi kichwa kinagonga. Figo zangu zinaharibika, za Shemeji zinatengemaa. Maana yake ni moja: mlonge unafanya kazi vizuri sana, ila anaunywa yeye! Asubuhi kanigongea mlango tukatembee. Nikasema mgongo unauma. Kaondoka polepole, kama mtu asiye na hatia. Mjanja! Ndoo sasa iko uvunguni mwa kitanda changu, na dozi nimeizidisha mara mbili. Binti kaniletea maji, kauliza kama nimemeza vidonge. Nimemwambia ndiyo. Akanibusu kwenye paji la uso. Uongo mdogo tu, wa kitaalamu.