Utitiri Uliochezesha Mguu

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa Profesa anachagua mkuu wa maabara. Ni mimi au shemeji, mdogo wake mke wangu. Mdogo kwa umri, mkubwa kwa mdomo! Anadai utitiri wetu ulionasa ndani ya kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, enzi za kale ulikuwa rafiki wa kuvu. Eti umebeba vijimbegu vyake tumboni kama mizigo. Mimi nasema kuvu ndiyo iliyouua. Nitaisugua kaharabu kwa msasa, nyuzi za kuvu zionekane zikiingia mwilini. Kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi
Msasa umepitiliza! Utitiri umekuwa vumbi, na kuvu yake pia. Na tulikuwa nao huo huo mmoja. Shemeji kaiulizia kaharabu. Nikamwambia naisafisha. Akasema, shem, ukiiharibu hiyo umenimaliza. Nikacheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata dawa! Mama mkwe anafuga kuku, na kuku wana utitiri. Nikajitolea kumfagilia banda. Huwa siendi hata kumsalimia. Kaniombea dua ndefu, maskini. Nimenasa mmoja, nimeutia kwenye kiberiti pamoja na ukungu wa mkate. Najikuna mwili mzima.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nikaubandika kwenye gundi ya rangi ya asali. Ukafanana kabisa! Profesa akainama kwenye hadubini. Jasho likanitiririka mgongoni. Akasema kuvu imehifadhika ajabu. Nikajiona mkuu tayari. Kisha akauliza, taratibu, mdudu wa kale hivi mbona anachezesha mguu?
Shemeji hakupiga kelele. Aliuliza tu utitiri wake uko wapi. Nikamwonyesha msasa. Akaushika kwa mikono miwili, akalia. Hilo sikulipanga.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji ndiye mkuu. Picha alizopiga mapema zimemwokoa: vijimbegu vinaonekana tumboni, vimejipanga vizuri. Rafiki kweli. Nyumbani mke wangu ananiwekea chakula bila neno.
Nimehamishiwa chumba cha mifupa ya kale. Kuna fuvu safi sana, ila limepungukiwa gego moja. Mama anayesimamia humu kaonya mtu asiliguse.
Nimepitia buchani. Nimeuliza kama kichwa cha mbuzi kinauzwa na meno yake.