Rais wa Barafu, Magongo

Mramba wa Mishomoroni hakuwa mwizi, na mtu akimwita hivyo alihuzunika kwa dhati. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hataki. Mramba hakuwahi kupokea shilingi ya mtu ila mwenye shilingi alikuwa amemsihi aipokee. Alikuwa ameuza kisima kisicho na maji na mnunuzi akamshukuru. Aliongoza chama cha wafugaji wa mbuni huko Kisauni mwaka mzima bila mbuni hata mmoja kuonekana, na siku alipojiuzulu wanachama walimpikia pilau.

Mchana mmoja wa Februari, jua likiwa kali hata mbwa wamehamia chini ya magari, Mramba alikaa katika hoteli moja ya Kiembeni mbele ya sahani ya maharagwe. Runinga ya ukutani ilionyesha michezo, ila si kandanda. Palikuwa na wanaume waliovaa wakavimba kama magodoro, wakiteleza juu ya barafu na kugombania kidude cheusi kwa magongo. Wateja wakaacha kula. Mramba naye akaacha, lakini yeye hakuwatazama wachezaji. Aliwatazama mashabiki. Walikuwa maelfu, wamevaa makoti na kofia za sufu, wakigonga kwa ngumi kioo kilichozunguka uwanja na kuruka kila honi ilipolia kutangaza bao. Watu walikuwa wamelipa ili wakae kwenye baridi. Mramba aliitafakari habari hiyo huku jasho likimtiririka mgongoni, na hamu ya maharagwe ikamtoka.

"Baridi wanaililia nini hao?" akasema mzee wa meza ya pili. "Mimi ninayo nyumba nzima ya baridi pale Magongo, na hakuna anayeitaka."

Huyo alikuwa Mzee Boga, mwenye ghala la barafu la kuhifadhia samaki. Wenye samaki walikuwa wamemhama kwa sababu ya bei zake, akabaki na mashine zinazofanya kazi na ghala tupu. Boga alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Ilisemekana akikukaribisha chai, sukari unakuja nayo.

Mramba akainua sahani yake, akahamia meza ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, lile si ghala. Ule ni uwanja."

Boga akamtazama, akaitazama runinga, akaitazama tena sahani ya Mramba kuona kama ameipa kisogo. Hapa inafaa tunyamaze kidogo kwa heshima, maana hivi ndivyo mambo makubwa yanavyozaliwa.

"Watalipa?" Boga akauliza.

"Mzee, watu wa Changamwe hawajapata kuona moshi ukiwatoka kinywani bila sigara. Watalipa waingie, na wengine watalipa watoke."

Kufika jioni walikuwa wamekubaliana. Boga angetoa ghala, umeme na maji ya kugandisha sakafu nzima. Mramba angetoa akili, na kwa ajili hiyo akajiteua kuwa Rais wa Ligi. Mapato ya mlangoni yangekaa katika mkoba wa Rais, na wangegawana jioni ya siku ya mechi, mambo yakishatulia.

Ila jioni hiyo Mramba hakukusudia kuwepo. Mishomoroni hakukubaki mtu ambaye hajamwamini walau mara moja, na anayeishi kwa kuaminiwa, wakimwishia watu, hana budi kuhama. Alikata tikiti ya treni ya alasiri ya siku hiyo kwenda Nairobi, mji wenye watu wengi wasiomjua, na kule alitaka kuanza upya na mkoba uliojaa. Mkoba na treni, basi. Alivitaka vitu hivyo viwili pamoja kuliko alivyopata kutaka kitu chochote.

Shida ni kwamba watu wa pwani hawalipii kitu wasichokiona. Wangesimama mlangoni wakipiga soga mpaka wasikie kelele ndani. Kwa hiyo ilibidi mechi ichezwe kweli, na hapo ndipo alipomwendea Nafula.

Nafula alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Alikotoka, bara, alikuwa kipa wa mpira wa magongo wa shule, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Aliwakusanya wenzake wa kiwandani na vijana wanaoteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu, akagawa timu mbili. Fundi wa kuchomelea akawakatia vyuma kutoka springi za lori na kuvifunga chini ya buti za mpira. Kile kidude cheusi kikakatwa kwenye tairi.

"Sasa boss, na doo yetu tunalipwa lini?" Nafula aliuliza.

"Jioni."

"Jioni ya leo ama jioni ya kiama?"

"Dada Nafula, unaongea na Rais."

"Ndo maana nauliza."

Jumamosi ya mechi ikafika. Adhuhuri barabara ya Magongo iliona kitu ambacho haijapata kukiona: msururu wa watu waliovaa makoti mazito juani, mengine ya manyoya, yote ya mitumba ya Kongowea, wakitokwa na jasho kwa subira ya mahujaji. Mbele yao alikuwa Bi Dama wa Kiembeni, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao, na nyuma yake kina mama wenyewe wamejifunga leso za sare juu ya sweta, na ngoma mbili. Walikuwa hawajui mchezo unachezwaje, lakini tayari walikuwa na upande.

Ndani palipendeza kuliko Mramba alivyotarajia. Mahali pa kioo Boga alitundika nyavu za kuvulia. Honi ya lori ilifungwa kwenye betri. Mashabiki walipopumua na kuona moshi, walicheka na kupumuliana usoni kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba kuna mechi. Mabao yalipoanza walipiga mabati ya ukuta mpaka kutu ikawadondokea. Wachezaji wawili walipovua glovu na kuanza kupigana, na mwamuzi akawaacha kama Mramba alivyomwagiza, ghala zima lilisimama kwa furaha, wazee wa kanisa wakiwemo.

Mramba alikaa kiti cha mbele karibu na mlango wa nyuma, kipaza sauti mkononi, koti zuri la kijivu mwilini, na mkoba mzito mapajani. Nje ya mlango ule Anwar, dereva wa tuktuk, alikuwa akimngoja. Mambo yalikwenda sawa kabisa.

Kipindi cha kwanza kilipokwisha, vijana walipita na ndoo za maji ya moto kulainisha barafu. Nafula akatoka nje kwa mlango wa nyuma kuota jua, akamkuta Anwar na tuktuk yake. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Boga, wakanong'onezana. Mramba aliwaona, akadhani wanasimuliana baridi.

"Mashabiki wapenzi," akatangaza, kwa kuwa alipenda kusikia sauti yake ikirudi kutoka ukutani, "desturi ya mchezo huu ni hii: mchezaji mmoja akifunga mabao matatu, mnavua kofia mnazitupa uwanjani."

"Nitupe kofia yangu?" Bi Dama akauliza. "Hii niliyoinunua?"

"Ndiyo desturi, mama."

"Desturi ya nani? Sisi mtu akitufurahisha tunamtuza. Kofia zetu zina kosa gani?"

Kipindi cha pili kilikuwa bado kichanga Nafula alipojitupa ubavu na kuuzuia mpira wa tairi kwa tumbo. Bi Dama akatoa kigelegele. Akainua noti juu, akapenya wavu, akaingia barafuni akicheza polepole, nusu kwa madaha na nusu kwa hofu ya kuanguka, akaibandika noti kwenye kofia ya chuma ya Nafula. Mechi ikasimama. Mwamuzi akaangalia kulia na kushoto, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akapisha. Nyuma ya Bi Dama wakaja kina mama wengine, na nyuma yao wanaume, na noti zilizoanguka zikalala juu ya barafu zikilowa.

Mramba aliona ndiyo nafasi yake. Aliukumbatia mkoba, akasimama. Kugeuka, Nafula yuko mbele yake, ameteleza mpaka wavuni, ameinamisha kichwa, anangoja.

Ngoma zikanyamaza. Mtu aliyetuzwa na wote akija kuinama mbele ya mgeni wa heshima, mgeni hutoa. Hakuna aliyepata kueleza kwa nini, kwa sababu hakuna aliyepata kukataa. Mramba alifungua mkoba kidogo, akachomoa noti moja.

"Rais! Rais!" ghala likaitika.

Mramba alikuwa ameitwa kwa sauti kubwa mara nyingi maishani, lakini kila mara alikuwa anakimbia. Safari hii amesimama, na watu wanacheka kwa kumpenda. Kifua kilimjaa joto katika ghala lile la baridi. Akaketi kidogo tu, asionekane ana haraka.

Ndipo Mzee Boga, ambaye mkewe hajapata kumwona akitoa sadaka ya noti, alipoinuka na noti mbili.

"Boga! Boga!"

Mramba alishtuka, kisha akaumia. Jina lake lilikuwa limefunikwa, tena na bahili. Nafula alipokuja tena kuinama, Rais alitoa noti tatu. Boga akatoa nne. Mzee akalalamika kwamba miguu yamuuma kwa kwenda na kurudi, akahamia benchi la wachezaji, na hapo hakuchoka tena. Kila Nafula alipotuzwa alikwenda benchi hilo, akamwaga noti katika ndoo, akarudi golini. Na kila alipookoa, Boga alikuwa amesimama, na mfuko wake haukwisha.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Anwar akachungulia.

"Rais, twende. Treni."

"Nakuja. Mwache huyu mzee anyamaze kwanza."

"Hanyamazi huyo. Umemwona?"

"Atanyamaza."

Alichomoa kitita. Ghala likalipuka. Bi Dama alimwimbia wimbo ambao kina mama waliutunga papo hapo, wakamweka ndani yake yeye na mama yake mzazi. Mramba, aliyeuza kisima kikavu bila kupepesa jicho, akahisi machozi. Boga akainuka na kitita kikubwa zaidi.

"Wallahi, treni haimngoji rais," Anwar akasema mara ya pili.

"Dakika moja."

"Mimi naondoka, bwana. Nina abiria wengine."

Mramba hakumsikia. Mkono wake ulikuwa mkobani, na ule mkono ulikuwa unaingia ndani zaidi kila safari. Kwa mbali, upande wa stesheni ya Miritini, treni ililia. Hiyo aliisikia. Ilimchoma rohoni, akaiona Nairobi ikienda zake bila yeye. Lakini Nafula alikuwa ameinama tena mbele yake, watu wamenyamaza tena, na Boga anatabasamu benchini.

Akatia mkono mkobani. Vidole vilifika chini, vikapapasa ngozi, vikatafuta pembeni. Hapakuwa na kitu.

"Rais?" Nafula akasema taratibu, kichwa bado chini. "Watu wanangoja."

Mtu mwingine angesema amekwishiwa. Mramba alisimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua lile koti la kijivu na kumvisha Nafula mabegani. Akabaki na shati la mikono mifupi katikati ya ghala la kugandishia samaki.

Zilizotoka pale si kelele za kawaida. Watu walipiga mabati mpaka mojawapo likafunguka na jua likaingia. Mashabiki walikumbatiana. Mzee mmoja wa kanisa alisema ametembea sana, lakini kiongozi anayevua nguo yake kwa ajili ya kipa hajamwona. Mramba alitetemeka meno yakigongana, akainua mikono yote miwili kuwapungia. Sasa Boga atafanya nini? Akamgeukia kwa ushindi.

Boga aliinuka bila haraka. Akatoa noti mfukoni, akaikung'uta maji, akaiinua juu.

Mramba aliitazama ile noti. Za kwake zilikuwa zimetoka mkobani kavu. Za Bi Dama zilitoka leso yake kavu. Hii ya Boga ilikuwa imelowa kabla ya kufika barafuni, kwa sababu barafuni ilikwisha kufika mara nyingi. Akaitazama ndoo ya benchini, na mkono wa Boga ulio karibu na ndoo, na Nafula anayeteleza kutoka ndoo hadi golini na kurudi, amevaa koti lake. Mzee alikuwa ametuza mchana kutwa kwa noti zile zile za ndooni, na kila alipozitoa, Rais alijibu kwa nyingine mpya.

Akafungua kinywa apige kelele za mwizi. Kisha akafikiria ataulizwa nini: mkoba ule ulikuwa wa nani, na tuktuk ilikuwa inamngoja nani. Nafula akafika mbele ya benchi, akaipokea ile noti iliyolowa kwa mikono miwili, akageuka akampa Rais heshima ya kuinama.

Kina mama walikuwa wamemgeukia waone kama hana kijicho. Bi Dama alikuwa anamtazama kwa upendo wa mama. Ghala zima lilikuwa linamtazama.

Mramba akampigia Boga makofi.