Sisimizi Hawahongwi

Yarow alikuwa na ulimi wa kumuuzia ngamia nundu yake mwenyewe. Mwaka wa tisini na sita, sokoni Garissa penye mifugo, alimsikia Haji Nunow, tajiri wa ngamia, akilalamika kwamba daktari amemkataza sukari.

"Chai bila sukari si chai," alisema Haji. "Ni adhabu."

Yarow akasogea. "Pole, adeer, ami yangu. Ugonjwa huo dawa yake ni mzizi mmoja tu, unachimbwa kule Takaba. Siku saba umepona. Ukipona, nipe ngamia. Usipopona, wallahi, sitaki hata maziwa yake."

Mzizi wenyewe ulikuwa majani ya mwarobaini wa nyuma ya posta, yaliyokaushwa na kutwangwa. Haji akaunywa unga ule, mchungu kama nyongo, huku akimsifu Mungu.

Mkewe, Maka, hakuridhika. "Tutajuaje amepona?"

"Sisimizi, eedo, shangazi yangu. Mkojo wenye sukari huwaita. Siku ya saba tutawawekea kikopo. Wasipokuja, amepona. Sisimizi hawahongwi."

Kweli, hawahongwi. Ila vikopo hubadilishwa. Siku ya saba Yarow alifika na kikopo chake chini ya shuka, mkojo wa mwanamume mzima asiyejua hospitali. Ua ulijaa majirani. Akapokea kikopo cha Haji, akawapa mgongo, akasoma dua ndefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatua mchangani kile cha kwake.

Akaja sisimizi mmoja. Wakaja kumi. Halafu ukaja msafara mzima, kama mifugo iliyonusa kisima.

"Umenizidishia ugonjwa!" Haji alinguruma. "Mshikeni!"

Yarow aliona fimbo zikiinuka. "Adeer, ngoja! Huo si mkojo wako!"

"Wa nani?"

"Wangu."

Maka alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka. "Yarow, unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Mtungi mzima. Si joto hili?"

"Na kikoi chako, mbona siku hizi unakizungusha mara tatu kiunoni?"

Yarow akajishika kiuno.

Hakuna aliyempiga. Maka aliwaburura wote wawili kwa daktari, wakapimwa damu. Sukari ya Yarow ilipita ya Haji kwa mbali. Daktari akaunusa ule unga, Maka alikuwa ameubeba.

"Mwarobaini huu. Watafiti wanauchunguza. Huenda una vitu vinavyopunguza sukari kidogo. Nimesema huenda. Vidonge ndivyo tunavyovijua."

"Kumbe nilikuwa nasema kweli?" Yarow aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Haji Nunow akakohoa. "Mwandikie vidonge, daktari. Nitalipa mimi. Yeye atanichungia ngamia mpaka viishe."

Yarow akaona nafuu. Kuchunga wiki mbili tatu si kitu. "Vinaisha lini, daktari?"

"Haviishi," daktari akasema.