Marehemu Ana Barua

Jumapili, 1 Septemba 1991

Barua nne leo! Baada ya misa Katekista Gaudiosus alisimama mlangoni na mfuko wa posta, kama kila Jumapili, akaanza kuita majina. Parokia nzima tunatumia sanduku moja. Polikarpi Karekezi! Nikaenda. Polikarpi Karekezi! Nikaenda tena, polepole zaidi, ili watu walione koti langu jipya. Mara nne. Jirani yangu Theoneste, ambaye ndiye hubeba mfuko huo kwa baiskeli kwenda na kurudi posta ya Kayanga, hajaitwa tangu Pasaka. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Zote zimetoka kwa wale wale mawakili wa Dar es Salaam. Eti Karekezi mmoja tajiri amefia ng'ambo na hana mrithi ila mimi. Wanataka namba ya kitabu cha akiba, sahihi yangu na ada ya muhuri. Mke wangu Therese kasema ni wezi. Kasema tangu Juni zimefika kumi na moja, lakini barua moja tunayoingoja hatujaiona: ya chuo cha uuguzi, ya binti yetu Kantengwa. Usaili alifaulu. Bila barua ile hapokelewi. Mtoto siku hizi anamega tonge moja na kusukuma sahani.

Kwamba ni wezi najua. Mimi si mjinga. Yule wa kwanza nilimjibu ili kumpima tu.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata dawa yao! Kuwaandikia kwamba sitaki hakusaidii. Nimefanya hivyo mara tatu, na kila nikiandika zinaongezeka. Leo nikipalilia migomba nikajiuliza: ni mtu gani haandikiwi barua? Maiti!

Nimezifunga upya bahasha zote nne kwa uji wa muhogo. Juu yake, kwa kalamu nyekundu ya Kantengwa: AMEFARIKI. RUDISHA KWA ALIYETUMA. Nikachora na msalaba. Therese aliuliza nafanya nini. Nikamwambia kazi za ofisi.

Jumatatu, 9 Septemba

Jana zilifika saba. Hata sikuzifungua. Bahasha za kaki, anwani imepigwa taipu, mwizi ni mwizi. AMEFARIKI, mara saba. Misalaba saba, na wa mwisho niliupamba.

Asubuhi nimempa Theoneste azipeleke pamoja na zile nne. Alisoma ya juu, akanitazama, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yeye abebe, asisome barua za watu. Wivu tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Balaa! Nikiwa shambani nasikia kilio kinapanda kilima. Nikajiuliza nani kafa. Nikatoka mbio kwenda kutoa pole. Alikuwa dada yangu Anatolia wa Bweranyange na wanawake tisa, kuni kichwani, ndizi, maharage. Aliponiona alianguka. Alipozinduka akanichapa na ukuni.

Kumbe jana walikutana na Theoneste sokoni, bahasha zangu bado hajazifikisha posta. Nikamwendea. Anasema yeye hakutamka neno. Aliulizwa habari za nyumbani kwetu, akatoa bahasha. Imeandikwa kwa wino mwekundu, ina msalaba, yeye ni nani aipinge?

Wafiwa wamekataa kuondoka. Anatolia asema hashuki kilima na mzigo aliopanda nao, utapikwa hapa hapa. Wamemaliza mtungi wangu wa rubisi, pombe yangu yote ya ndizi. Na kwa kuwa sifa zangu walikwisha kuziandaa njiani, wakazisema zote. Sikujua kama nilikuwa mkarimu hivyo. Nililia.

Jumapili, 29 Septemba

Sijui nianzie wapi. Gaudiosus alitoa bahasha ya kaki, akaisoma kimya mara mbili, ndipo akaita: "Mjane wa marehemu Polikarpi Karekezi!"

Watu wote wakageuka. Nilikuwa kando ya Therese, nimemshikia mwavuli. Theoneste alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Imetoka chuoni. Barua ya Kantengwa ilikuwa ndani ya zile saba. Niliirudisha mimi! Na msalaba juu! Mkuu wa chuo anampa mama mjane pole nyingi. Anasema kwa ajili ya msiba nafasi ya binti itashikiliwa hadi tarehe 14 Oktoba, aje na barua hii yenyewe, yenye muhuri. Nakala haipokelewi.

Therese alinipokonya mwavuli, akatangulia mbele njia nzima. Kantengwa alilia, akanishika mkono, akasema, "Baba, nusura unimalize." Niliona aibu kwelikweli. Huyu mtoto nampenda kuliko macho yangu, na kwa kalamu yake mwenyewe nilikaribia kumfungia mlango. Nimeapa mbele yao wote wawili: sigusi bahasha tena. Therese ameiweka barua ndani ya Biblia yake, na Biblia ndani ya sanduku la nguo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jana nilipata barua moja tu. Hii si ya wezi! Ni ya Kamati ya Kuwafidia Walioteswa na Barua za Matapeli, Dar es Salaam. Watu makini. Wanajua nimeandikiwa mara ngapi, na tarehe zote, hata mambo niliyojibu. Ada hawataki. Kitabu cha akiba hawataki. Shida yao ni ndogo: kwenye kumbukumbu zao nimefariki. Nikithibitisha kwamba niko hai, fidia inatoka. Nipeleke hati yoyote halisi yenye jina langu na muhuri, si nakala. Wataitazama na kuirudisha katika siku saba.

Fidia hiyo itamnunulia Kantengwa sare, viatu na godoro la chuoni. Therese mwenyewe atanisifu.

Humu ndani hati yenye jina langu na muhuri ni moja tu, ile iliyo ndani ya Biblia. Therese yuko kisimani. Leo tarehe saba, ukiongeza siku saba ni kumi na nne, siku ile ile ya chuo. Hesabu imekaa sawa kabisa. Neno "marehemu" nimelikwangua kwa wembe. Limeondoka na kipande cha muhuri, lakini kidogo. Theoneste ameshapita kuchukua bahasha, na sasa hivi yuko njiani kwenda Kayanga.